Je, wajua kwa nini zawadi inaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kujifunza?

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokwisha kuonekana wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kusukumwa na mtu. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti endapo lingechora. La pili halikuahidiwa kitu, lakini baada ya kuchora likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupata chochote.

Baada ya wiki moja au mbili kalamu zilirudishwa darasani, kila mtoto akawa huru kucheza na anachotaka. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao.

Cheti chenyewe hakikuwa na ubaya, maana kundi la pili nalo lilikipata na hamu yake haikushuka. Kilichovuruga mambo ni ahadi. Mtoto aliyekuwa akichora kwa sababu anataka kuchora alihamishiwa lengo jingine, na alipolifikia hakuona tena sababu ya kuishika kalamu. Ndiyo maana siafiki tunaposema mwanafunzi fulani “hana motisha”. Mara nyingi anayo tele, ila imeelekezwa kwenye alama, au kwenye kukwepa adhabu.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia waliolichunguza suala hili kwa miongo mingi, wanataja mahitaji matatu yanayolisha motisha ya ndani (hamu ya kufanya jambo kwa kulipenda lenyewe): kujiamulia, kujiona unaweza, na kuhusiana vizuri na watu. Hapo ndipo elimu inayomlea mtoto mzima, yaani akili, mwili, hisia na mahusiano yake, inapopata hoja yake yenye nguvu. Mtoto anayedhihakiwa akikosea hesabu anaumia hisia, na hesabu yenyewe anaikimbia.

Tusiitupe zawadi moja kwa moja, hata hivyo. Kwa kazi isiyompendeza mtoto tangu mwanzo, hakuna hamu kubwa ya kuharibu. Sifa ya mdomo, hasa inayotaja kilichofanywa vizuri, kwa kawaida haina madhara hayo.

Na malengo je? Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walionyesha kwamba lengo mahususi lililo gumu lakini linalofikika huzaa matokeo bora kuliko kuambiwa tu “jitahidi”. Lakini kazi ikiwa mpya na ngumu, kumwekea mwanafunzi alama ya kufikia kunaweza kumkwamisha, kwa kuwa mawazo yanakwenda kwenye alama kabla hajaijua njia. Katika hatua hiyo humfaa zaidi lengo la kujifunza, kwa mfano kutafuta njia tatu tofauti za kulikokotoa swali moja.