Kabla hujamwaga msingi karibu na uwanja wa ndege

Malalamiko ya wenye ploti karibu na viwanja vidogo vya ndege yameongezeka, na mengi yanarudia swali moja: kwa nini mtu mwenye hati halali azuiwe kuongeza ghorofa? Kabla ya kujibu, tutazame Tushino.

Tushino ulikuwa uwanja wa ndege kaskazini-magharibi mwa Moscow, penye kona ya mto Moskva. Tangu miaka ya 1930 umma ulifurika hapo kutazama maonyesho ya ndege na vikosi vya warukaji wakishuka kwa miavuli. Reli ya chini ya ardhi ilipofika huko mwaka 1975, kituo kilichokuwa kimeanza kujengwa kando ya uwanja kiliachwa nusu, kwa kuwa nyumba zilizokusudiwa hazikujengwa. Treni zilipita bila kusimama kwa karibu miaka 40. Kituo kilifunguliwa Agosti 2014 kwa jina la Spartak, klabu ya soka ya Moscow, mwaka uleule uwanja wa soka wa klabu hiyo ulipoanza kutumika. Waliotazama Argentina ikitoka sare ya 1-1 na Iceland katika Kombe la Dunia la 2018 walikuwa wakitazama ardhi ya ndege. Leo imeota maghorofa ya makazi.

Tushino angalau uligeuzwa kwa mpango wa mji. Kwetu uwanja hufa ploti baada ya ploti, bila yeyote kuamua kwamba ufe. Hilo ndilo linalonisumbua.

Chukua Ukunda, uwanja mdogo wa ndege katika pwani ya Kenya. Ndege za warukaji wa miavuli wa Diani huondoka hapo, nao hutua ufukweni. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mwavuli hauhitaji uwanja, unatua popote. Si kweli. Mrukaji anahitaji eneo wazi lisilo na nyaya za umeme wala kuta, na upepo unaoeleweka. Rubani aliyempandisha anahitaji njia ya kurukia na kutua, kama ndege nyingine yoyote.

Sasa hati. Hati inakupa ardhi; haikupi kimo chochote unachotaka. Kuzunguka uwanja mkubwa, kikomo cha kawaida cha kimataifa ni mita 45 juu ya usawa wa uwanja, hadi kilomita 4. Upande ndege zinakoingilia, kikomo ni kikali zaidi: kwenye njia ya kurukia na kutua inayotumia mitambo ya kuongozea ndege, kinapanda mita 1 kwa kila mita 50. Umbali wa mita 1,000 kutoka mahali mteremko huo unapoanzia, kama ardhi iko sawa na njia, unabaki na mita 20. Ghorofa sita na tangi la maji juu yake zimeshafika hapo. Viwanja vidogo vina vipimo vyao, kwa hiyo usikisie kwa kutazama jirani.

Ombi la idhini ya kimo huletwa kwetu, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya ujenzi, likiwa na ramani ya upimaji kutoka kwa mpima ardhi aliyesajiliwa, majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ya pembe za jengo, kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari na kimo cha jengo hadi ncha ya juu kabisa. Ncha ya juu ni pamoja na tangi, antena, kizuia radi na chumba cha lifti. Tafadhali, msituandikie "ghorofa tano": ghorofa si kipimo. Idhini ya ujenzi kutoka kaunti haichukui nafasi ya idhini hii, wala hii haichukui nafasi ya ile. Anayejenga bila idhini anaweza kuamriwa kupunguza au kubomoa kwa gharama yake mwenyewe; akikaidi, shauri huenda mahakamani, na kwamba jengo limeshakamilika si utetezi.

Kreni huombewa idhini yake peke yake, kwa sababu mkono wake hupita kimo cha jengo. Mkandarasi alete vipimo vyake kabla haijasimamishwa, na aeleze itakaa hapo hadi lini ili marubani waarifiwe.