Jeni za kansa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Jeni za kansa wanazo wagonjwa tu." Tunazo sote, na bila hizo tusingeishi. Jeni iitwayo MYC huiamuru seli igawanyike. Nyingine, TP53, hukagua DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli: ikikuta kasoro husimamisha mgawanyiko, na kasoro isiporekebishika huiamuru seli ijiue. Balaa huanza jeni hizo zinapoharibika.

"Seli zikifa, mwili unaumwa." La. Hata vidole vya mtoto aliye tumboni huachana kwa kuwa seli za katikati yake hujiua.

"Mtoto kavimba taya? Ni jino, au karogwa." Hapa Uganda ndiyo dhana inayotuponza zaidi. Uvimbe huo daktari Denis Burkitt aliuona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, akaandika kuuhusu mwaka uliofuata. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, kansa ya seli nyeupe za damu. Ndani ya seli hiyo, kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 8 na ya 14 hukatika na kubadilishana vipande. MYC inajikuta jirani na jeni za kutengeneza kingamwili (protini za kupambana na maradhi), ambazo kwenye seli hiyo hazilali, nayo inakesha ikiamuru seli igawanyike. Cha ajabu, MYC ikizidi huisukuma seli hiyo hiyo ijiue. Kwa hiyo uvimbe haukui mpaka njia ya kifo nayo izibwe, na mara nyingi TP53 hukutwa imeharibika. Malaria ya mara kwa mara na kirusi cha Epstein-Barr huchangia, ila kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, kwa hiyo msimtenge mtoto wa watu.

"Kansa ni ya ukoo." Inayorithiwa ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Kansa ya mlango wa kizazi hutokana na kirusi cha HPV, ambacho protini yake iitwayo E6 huiangamiza protini inayotengenezwa na jeni ya TP53. Ndiyo maana tangu 2015 wasichana wa miaka 10 wanachanjwa nchi nzima.

"Hospitali ni kwenda kufia." Seli zinazogawanyika mbio ndizo dawa huzipata kirahisi. Dawa iitwayo siklofosfamidi huharibu DNA yake zikafa, na uvimbe wa Burkitt huweza kunywea ndani ya siku chache. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilianza na watoto hawa hawa. Meno ya mtoto yakilegea kabla ya wakati na taya linavimba, mpelekeni wiki hiyo hiyo, kabla ya kumchanja chale.