Lamu "hakuna magari"? Ngoja kwanza

Kuna watu wanaambiana eti Lamu magari yamepigwa marufuku, so ukisafiri na gari lako utarudishwa njiani. Si kweli jamani. Kaunti ya Lamu sio kisiwa peke yake, Witu, Mpeketoni na Hindi ziko bara na magari ni kama kawaida. Barabara ya kutoka Garsen siku hizi ni lami, unaendesha mpaka Mokowe, hapo unatafuta pa kuegesha gari (patana bei kabla hujazima injini), halafu unapanda boti hadi kisiwani. Wa ndege nao wanashukia Manda, kisiwa cha jirani, bado boti tu.

Sasa kule mji wa kale, kinachozuia gari kwanza sio askari, ni vichochoro vyenyewe. Vilijengwa kwa miguu na punda, kwingine ukikutana na punda amebeba mifuko miwili ya simiti unajibana ukutani kama bango, na ukisikia "simile!" nyuma yako usianze kugeuka kuangalia, wewe pisha kwanza. UNESCO waliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia 2001, lakini vichochoro vilikuwa vyembamba karne nyingi kabla ya hapo.

Na msidhani kisiwa kizima hakina injini, bodaboda zipo, hasa nje ya mji wa kale, na mimi kusema ukweli naziogopa kuliko punda, maana punda hata ana breki.