Mtalii Haogopi Kuumwa Tu, Anaogopa Kukwama

Mwishoni mwa Novemba 2021, siku chache baada ya Afrika Kusini kutangaza aina mpya ya kirusi cha korona iliyokuja kuitwa Omicron, kijana mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe alinionyesha simu yake. "Mwalimu, hebu nisaidie kumjibu huyu," aliniambia. Mgeni wake alikuwa ameshalipia safari ya Januari, na sasa aliuliza mambo matatu. Akipimwa siku ya kuondoka akakutwa na virusi, atalala wapi? Siku hizo nani atazilipia? Na nchi yake ikifunga mipaka angali huku, itakuwaje? Kama Zanzibar kuna wagonjwa wengi au wachache, hilo hakuliuliza kabisa.

Nimeukumbuka ujumbe ule mara nyingi katika kazi yangu ya kufundisha na kutafiti utalii. Sisi wenyeji hudhani kwamba janga likitokea, mgeni anazuiwa na hofu ya ugonjwa, hivyo tukimhakikishia kuwa huku ni salama, atakuja. Hofu hiyo ipo, lakini ni sehemu tu ya hesabu anayoipiga.

Tazama mwendo wa watalii walioingia Tanzania. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 wakaporomoka hadi 620,867. Mwaka 2021 walifika 922,692, na mwaka 2022 wakapanda ghafla hadi 1,454,920. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kumalizika kwa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Maana yake ni kwamba mwaka 2022, wageni waliporudi kwa wingi, ugonjwa ulikuwa bado unahesabika kuwa dharura ya dunia nzima.

Kilichobadilika ni nini? Chanjo zilikuwa zimesambaa, na hilo lina uzito wake. Ila nawaomba wenzangu wa hoteli na wa safari waangalie pia masharti ya kurudi nyumbani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2021, Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa za hatari. Mkaazi wa Uingereza aliyetoka kwetu alilazimika kukaa karantini hotelini siku 10 kwa gharama yake: pauni 1,750 mwanzoni, kisha 2,285 kuanzia Agosti. Baba na mama waliokuja wiki moja kuogelea Nungwi wangelipa karantini pesa zinazokaribia, pengine kupita, gharama ya likizo yenyewe. Tulitolewa kwenye orodha hiyo Oktoba 2021. Marekani nayo iliendelea kudai cheti cha kipimo kwa kila anayeingia kwa ndege hadi Juni 2022. Mtu anayekabiliwa na masharti kama hayo anaweza kuwa na hamu kubwa ya kuja, akaangalia picha za bahari kila usiku, na bado asilipie.

Hapo ndipo watafiti tunapotenganisha nia na safari. Ukimuuliza mtu kama angependa kwenda nje janga likiisha, wengi watajibu ndiyo. Nia hiyo hugeuka tiketi pale tu mtu anapoona kwamba mambo yamo mikononi mwake: ana uwezo wa kuahirisha, pesa yake haipotei, na akiugua ugenini kuna wa kumtazama.

Hofu ya ugonjwa nayo ina tabia yake, haijui ramani. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, mwaka 2014, wageni waliahirisha safari za Serengeti na Maasai Mara, ilhali Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone iliyokumbwa na Ebola hiyo, iko karibu zaidi na Madrid kuliko na Arusha. Kwa mtu wa mbali Afrika ilikuwa kitu kimoja, na kumkasirikia hakumleti. Mwaka 2023 virusi vya Marburg, vya jamii moja na Ebola, vilipozuka Kagera, maelezo yaliyomfaa mgeni yalikuwa mepesi: Bukoba iko wapi, anakokwenda yeye ni umbali gani kutoka hapo, na ugonjwa huo huambukizwa vipi.

Sasa, mwongoza watalii au mwenye nyumba ya wageni afanye nini? Kwanza aandike majibu ya maswali matatu ya yule mgeni, kwa maneno machache, ayaweke pale mgeni anapolipia. Sharti la kurudishiwa pesa lisifichwe chini kwa herufi ndogo. Kama huwezi kurudisha zote, sema ni kiasi gani na baada ya siku ngapi. Kusema "usijali, hakuna matata" hakumsaidii mtu anayepanga kuja na watoto.

Pili ni bima. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya hapa hapa, dola 44 kwa mtu mzima. Wapo wanaoiona kama kodi nyingine. Mimi naiona ni nafasi nzuri, kwa sharti moja: mgeni aelezwe mapema inalipia matibabu gani na anapiga simu wapi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ilikuwa hivyo hivyo. Wasafiri wameizoea na wanaibeba pamoja na pasipoti bila manung'uniko, kwa kuwa wanajua ni ya nini na watadaiwa wapi.

Yule kijana tulimjibia mgeni wake usiku ule ule. Tuliandika jina la nyumba atakayolala akikwama, bei yake kwa siku, na namba ya kituo cha kupimia. Kuhusu mipaka ya kwao tulimwambia wazi kuwa hilo haliko mikononi mwetu, ila safari yake tutaisogeza mbele bila kumtoza. Aliisogeza hadi Julai, akaja na dada yake.