Je, wajua kwa nini wiski iliyokoza rangi si lazima iwe kongwe?

Chukua chupa mbili za wiski ya Uskoti, zote zimeandikwa miaka 10 kwenye lebo. Ya kwanza ni Ardbeg kutoka kisiwa cha Islay. Ukiimimina glasini ni njano hafifu, kama vile mtu ameizimua kwa maji. Ya pili ni Loch Dhu, iliyotengenezwa na kiwanda cha Mannochmore na kuuzwa katika miaka ya 1990. Hii ni nyeusi kiasi kwamba hata ukiinua glasi mbele ya taa, mwanga unapenya kwa taabu. Mwambie mtu asiyezijua achague iliyo kali, iliyo kongwe na iliyo ghali, na ataelekeza kidole kwenye ile nyeusi bila kusita.

Ukali amekosa. Ardbeg ina kilevi asilimia 46, Loch Dhu asilimia 40, na harufu ya moshi ya Ardbeg unaijua kabla glasi haijafika mdomoni. Ukongwe amekosa pia, kwa mujibu wa lebo zenyewe. Bei amepatia, ila kwa sababu ambayo hakuifikiria: Loch Dhu ilibezwa na wanywaji wengi, ikaondolewa sokoni baada ya muda mfupi, na sasa wakusanyaji wanagombea chupa zilizobaki.

Imani kwamba rangi nzito ni dalili ya miaka mingi imeenea kote wiski inakonywewa, na katika kaunta za Nairobi na Dar es Salaam imepata msaada kutoka kwa Johnnie Walker. Tangu mwaka 1909 wiski hizo zinaitwa kwa rangi za lebo, na hata mhudumu mgeni kazini anajua kwamba Black iko ngazi moja juu ya Red. Hilo ni kweli: Black ina angalau miaka 12, Red haitaji umri kabisa. Lakini hiyo ni rangi ya karatasi, haihusu kilichomo ndani. Tena Blue, inayoziacha zote mbili mbali kwa bei, nayo haitaji umri wowote.

Wiski inapotoka kwenye mtambo wa kukenekea haina rangi. Kwa macho tu huwezi kuitenga na gongo au chang'aa. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka ikae si chini ya miaka 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Uskoti yenyewe, na iwekwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na karameli ya kawaida, yaani sukari iliyounguzwa ya kutia rangi, basi. Kwa hiyo rangi unayoiona imetoka kwenye pipa, au kwenye karameli, au kwenye vyote viwili.

Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu inaonekana ni busara kusema kuwa ikikaa zaidi itakoza zaidi. Ingekuwa hivyo kama mapipa yote yangelingana. Chukulia chai. Tia majani mapya sufuriani, chemsha dakika tano, chuja: umepata chai nzito. Sasa yarudishe majani yaleyale kwenye maji mengine na uyaache yachemke nusu saa. Chai hii ya pili imekaa motoni mara sita ya ile ya kwanza, lakini imepauka, kwa kuwa majani yalikwisha kutoa yalichokuwa nacho. Yarudishe mara ya tatu na hata saa nzima haitakusaidia. Anayekadiria muda kwa kutazama kikombe atakosea kila mara, maana rangi inamweleza hali ya majani, si muda wa kuchemka. Na ukubwa wa sufuria nao una neno: kiasi kilekile cha majani katika maji machache kitatoa chai nzito kuliko katika maji mengi.

Pipa ndiyo majani hayo. Waskoti kwa kawaida hawatumii mapipa mapya, huyanunua yakiwa yametumika. Sheria ya Marekani inataka burboni, wiski ya huko, ikae katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, hivyo viwanda vya huko, vikishatoa burboni yao, vinabaki na mapipa yasiyoweza kuwafaa tena kwa kazi hiyo. Mengi huishia Uskoti, kila moja likiwa na ujazo wa takriban lita 200. Mengine hutoka Jerez, Hispania, yakiwa yamelowa mvinyo wa sheri, na haya yanaweza kufika lita 500. Kiwanda kikijaza pipa la namna hiyo kwa wiski kwa mara ya kwanza, mbao bado zina nguvu, na kwenye lebo hujivunia kwa maneno First Fill. Baadaye pipa hujazwa tena, na tena, kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana wiski ya miaka 25 iliyolala katika pipa lililochoka yaweza kuwa nyepesi kwa rangi kuliko kijana wa miaka 8 aliyetoka kwenye pipa bichi la sheri.

Pipa hilohilo ndilo linalokuletea sehemu kubwa ya ladha, na hapa mnunuzi anaweza kupata faida. Mwaloni wa Marekani una kemikali zinazoitwa laktoni, ambazo harufu yake ni ya nazi. Msomaji wa Pwani ataitambua mara moja. Kuunguza mbao huzalisha vanila. Kwa hiyo wiski ya mapipa ya burboni huelekea kwenye asali, vanila na matunda mepesi. Mapipa ya sheri yanaelekea kwenye zabibu kavu, karafuu, na ukavu kidogo ulimini. Wauzaji hupenda kutangaza kwamba asilimia 60 au 70 ya ladha yote inatokana na pipa. Namba hizo zipokee kwa tahadhari. Ladha haina mizani ya kuipima kwa asilimia, na kila wiski ina hesabu yake.

Kuhusu karameli, watengenezaji hujitetea kwamba wanaitumia ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana, jambo lisilo la aibu kwa wiski inayouzwa kwa mamilioni ya chupa. Wanasema kiasi chake ni kidogo mno kuonja. Wapinzani wao hawajakubali, na ubishi unaendelea. Linalopendeza ni kwamba Ujerumani inataka rangi hiyo itajwe. Wiski iliyonyamaza kuhusu karameli dukani London yaweza kukiri kwenye lebo yake ya Frankfurt kwa neno Farbstoff, na Mswahili anayeishi huko anaweza kusoma siri ambayo nduguye wa Mombasa hawezi kuiona. Viwanda visivyotia karameli, kama Glenfarclas na Macallan, kawaida hawaachi jambo hilo lipite kimya.

Lakini hata kama karameli haina ladha, rangi yenyewe inauchezea ubongo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walionjeshwa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hilo lilikuwa la mvinyo, si la wiski, na hawakuwa wakongwe wa fani. Hata hivyo linatosha kumfanya mtu mwangalifu aonje kwanza na kutazama baadaye.

Moshi nao una hadithi yake ya upotofu. Wengi hudhani unatoka kwenye mapipa yaliyounguzwa. Unatoka mapema zaidi, wakati kimea cha shayiri kinapokaushwa juu ya moto wa mboji, yale mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyokatwa ardhini na kukaushwa. Moshi huacha kemikali ziitwazo fenoli kwenye kimea, na fenoli hizo ndizo zinazofanya baadhi ya watu waseme wiski inanuka dawa ya hospitali. Ardbeg hutumia kimea chenye takriban sehemu 55 za fenoli kwa milioni. Namba hiyo ni ya kimea, haijapimwa kwenye chupa, na nyingi ya fenoli hupotea njiani. Wala si kila kilicho cha Islay kina moshi: Bunnahabhain na Bruichladdich, za kisiwa hichohicho, kwa kawaida hazina.

Basi mnunuzi asome nini? Kwanza kama kuna moshi, maana hapo ndipo watu hugawanyika hasa. Kisha aina ya pipa. Kisha nguvu. Umri ni wa mwisho, nao ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Anayependa vitu laini na vya maua aanze na Glenmorangie, ambayo mitambo yake ina shingo ndefu zaidi Uskoti, zaidi ya mita 5, kiasi kwamba kiwanda kimejitwalia twiga kuwa alama yake. Ni mvuke mwepesi tu unaofaulu kupanda shingo hiyo hadi juu. Anayependa utamu wa zabibu kavu atafute Glenfarclas. Aliyezoea Johnnie Walker Black na kuupenda ule moshi wake wa mbali ajaribu Caol Ila, mojawapo ya wiski zinazochanganywa humo, aone moshi huo ukiwa peke yake.

Asiione haya kutia maji. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Uswidi, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kilevi kikishuka chini ya takriban asilimia 45, gwayakoli, mojawapo ya zile fenoli za moshi, husogea juu karibu na pua. Ilikuwa kompyuta, si pua za watu, lakini wanywaji wengi wa Uskoti walikuwa wakitia maji zamani kabla ya kompyuta kuwaruhusu.

Na kabla ya kununua mzinga mzima, omba toti baa. Ukionja zaidi ya moja, yenye moshi iwe ya mwisho, kwa sababu ikitangulia, kila kitakachofuata kitakuwa na ladha ya Islay.