Hnchak: kengele iliyopigwa kutoka ugenini

Kwa Kiarmenia, hnchak ni kengele. Lilikuwa jina la gazeti kabla halijawa la chama cha siasa cha Waarmenia, na waliolichagua walikuwa wakimkumbuka Mrusi Alexander Herzen, aliyewahi kuchapa London gazeti lenye jina la maana hiyohiyo.

Mimi hufundisha historia ya vyama vya siasa, na hiki hunigusa kuliko vingine kwa sababu ya mahali kilipozaliwa. Mwaka 1887, wanafunzi wachache walikutana Geneva, miongoni mwao Avetis Nazarbekian na mchumba wake Mariam Vardanian. Wote walikuwa Waarmenia wa upande wa Urusi. Waliazimia kuwakomboa Waarmenia wa Dola ya Uthmaniya, iliyotawala Uturuki, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi chini ya Sultani.

Lengo lao la karibu lilikuwa uhuru wa Armenia ya Uturuki. La mbali, ujamaa. Nikisema ujamaa hapa, msomaji asifikirie vijiji vya Azimio la Arusha: huu ni wa Marx, wa wafanyakazi na viwanda. Malengo hayo mawili hayakukaa vizuri chungu kimoja. Mwaka 1896 chama kilipasuka, wengine wakidai ujamaa unawafukuza marafiki wa Ulaya ambao Waarmenia waliwahitaji.

Mwaka mmoja kabla, Septemba 1895, Hnchak waliandamana hadi Bab Ali, makao ya serikali mjini Istanbul, wakiwa na waraka wa madai. Walijibiwa kwa mauaji. Kisha ikaja 1915. Alfajiri ya Juni 15, wanachama 20, kiongozi wao Paramaz akiwa mmoja wao, walinyongwa katika uwanja wa Beyazıt.

Waliosalimika kwenye mauaji ya kimbari ya Waarmenia, yaliyoanza mwaka huo, walitawanyika: Aleppo, Marseille, Boston, na hasa Beirut. Ng'ambo ya mto wa mji huo, kwenye ardhi ya kinamasi, wakajenga kitongoji cha Bourj Hammoud na kuipa mitaa yake majina ya kwao: Nor Marash, Nor Adana, Nor Sis. Nor maana yake mpya.

Huko ugenini Hnchak waliiunga mkono Armenia ya Kisovieti, iliyotawaliwa kutoka Moscow, wakati wapinzani wao wa Dashnak, chama kingine cha Waarmenia, nao wasoshalisti, waliipinga vikali. Mgawanyiko uliingia makanisani, shuleni, hata kwenye vilabu vya michezo, na mwaka 1958 ukageuka risasi katika mitaa ya Beirut. Naona uchungu kuyaandika haya, maana waliolengana walikuwa watoto wa wakimbizi walewale.

Moscow ilipowaita Waarmenia wa ugenini warudi nyumbani, kati ya 1946 na 1948, watu wapatao 90,000 waliitika. Waliotoka Beirut walipanda meli hadi bandari ya Batumi, kisha wakasafiri nchi kavu hadi Armenia. Wengi wao asili yao ilikuwa Marash, Adana na Sis, miji iliyobaki Uturuki. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, waliiona kwa mara ya kwanza siku walipofika.