Peptidi zenye mkia wa mafuta: zinavyoundwa na zinavyoharibika

Peptidi amfifili ni nini hasa?
Ni mnyororo mfupi wa asidi amino uliofungiwa mkia wa mafuta. Kama sabuni, upande mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia. Mkia unaotumika sana ni asidi ya palmitiki yenye kaboni 16, ile ile iliyojaa kwenye mawese. Zikiwa majini, mikia hujificha ndani, vichwa hubaki nje, na molekuli hujipanga zenyewe kuwa nyuzi zenye unene wa nanomita 10 hivi. Nyuzi zikisongamana tunapata jeli ambayo seli zinaweza kuishi ndani yake.

Sehemu zake zinapangwaje?
Chukua mfano huu: mkia–VVVAAA–EEE–RGDS. Kila herufi ni asidi amino moja. V na A hushikana na jirani zake kwa bondi za haidrojeni, ndizo uti wa uzi. E ina chaji hasi, ndiyo inayoiwezesha peptidi kuyeyuka. RGDS ni ujumbe wenyewe, kipande cha protini ya faibronektini ambacho seli hukitambua na kukishika. Kwa seli za neva huwekwa IKVAV, kutoka protini nyingine iitwayo laminini.

Ujumbe ukizidi si ndiyo vizuri zaidi?
Hapana. Vipande vikibanana, seli hazivifikii. Ndiyo maana peptidi yenye ujumbe huchanganywa na isiyo nao, kwa mfano 10 kwa 90. Na uti ukikazana mno, ujumbe unaganda mahali pamoja. Mwaka 2021 kundi la Samuel Stupp wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilibadilisha mpangilio wa V, A na G tu, huku ujumbe ukibaki ule ule. Panya waliojeruhiwa uti wa mgongo wakadungwa siku moja baadaye. Waliopewa nyuzi zenye molekuli zinazochezacheza zaidi walirudia kutembea vizuri zaidi. Hao ni panya, tusikimbilie kuiita tiba.

Jeli inatengenezwaje?
Miligramu 10 za peptidi kwa mililita 1 ya maji. Tia sodiamu haidroksaidi tone kwa tone mpaka pH 7.4. Pasha nyuzi joto 80 kwa dakika 30, kisha ipoe polepole, digrii moja kwa dakika, ili nyuzi zilingane. Mwisho tia kalsiamu kloraidi ifike milimola 20 hadi 25 kwa lita: kalsiamu hufunga chaji za E pamoja, na jeli inashika papo hapo. Usitumie bafa (kimiminika cha kutuliza pH) ya fosfeti. Itaungana na kalsiamu, upate chengachenga nyeupe kama chokaa.

Seli zinakufa. Tuanzie wapi?
Kwenye asidi ya trifluoroasetiki. Hutumika kubandua peptidi kutoka kwenye punje ilikojengwa, na mabaki yake ni sumu kwa seli. Isafishe kwa dayalisisi, yaani iweke kwenye mfuko unaopitisha molekuli ndogo tu, uutumbukize majini, ukibadilisha maji mara kadhaa. Kama ni safi, tazama chaji: peptidi zenye K nyingi (asidi amino yenye chaji chanya) hupasua utando wa seli, tabia ya sabuni tena.
Na usisahau kulinganisha na peptidi ya herufi zilizovurugwa, kama VVIAK badala ya IKVAV. Ikileta matokeo yale yale, kilichofanya kazi ni jeli, si ujumbe.

Krimu zenye "palmitoyl pentapeptide" ni kitu hicho hicho?
Ni ndugu: mkia wa kaboni 16 na KTTKS. Ila kwenye krimu huwekwa sehemu chache tu kwa milioni, na haikutengenezwa kwa ajili ya kidonda. Usiipake hapo.